Ringi Nne za Bwana Seif

Mwezi uliopita Nestori aliingia dukani kwangu hapa Kasulu, akauvuta mguu wake wa kushoto juu ya kizingiti, akamwambia kijana aliyekuwa nyuma yake: "Huyu ndiye yule mama niliyekusimulia. Ndiye aliyepima zile ringi zilizonivunja mguu. Lakini sina kinyongo naye. Msalimie." Kijana akasema shikamoo, nikaitikia marahaba. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na sikukiweka chini, kwa maana sikuona kwa nini chai yangu ipoe. Miaka ishirini na minane sikuwa nimemtia machoni mtu huyu, na siku anayokuja ananiletea msamaha ambao sikuuomba, tena mbele ya wateja wawili waliokuja kununua tyubu. Nje walikuwa wameegesha pikapu, na nyuma yake ringi nne za alumini. Kijana, ambaye ni mwanawe na ndiye mwenye gari, akanionyesha simu yake. "Simu inasema zinaingia, mama. Tundu sita, milimita mia moja thelathini na tisa nukta saba. Lakini mzee amekataa zifungwe mpaka wewe uzipime." Nikamtazama Nestori. Mtu aliyevunjwa mguu na kipimo changu amesafiri kutoka Mabamba, akaipita Kibondo yote na mafundi wake, ili nimpimie tena. Nikawaambia wakae kwenye benchi wasubiri nimalize chai, na chai ile niliinywa polepole kuliko siku zote.

Habari za kijijini kwetu Kitanga naziruka. Wazazi wangu walikuwa wakulima kama wazazi wa kila mtu, inatosha. Nilifika Kibondo nikiwa na miaka ishirini na mmoja, wakati ule kambi za wakimbizi zilipokuwa zimejaa watu na kila mwenye gari bovu alilifufua ili apate kazi ya kubeba. Nikapata kazi kwa Papa Ilunga, fundi Mkongomani aliyeoa Kibondo zamani na hakuwa na habari ya kurudi kwao. Gereji yake ilikuwa chumba kimoja cha tofali za kuchoma na kiwanja nyuma ya stendi. Ndani kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga yamepangwa ukutani, kila kopo na nati za aina yake, na mimi niliajiriwa kuyatunza makopo hayo. Saa sita mchana mkewe alileta sombe, ndicho kisamvu chao, kimekolea mafuta ya mawese, na harufu yake ikachanganyika na ya grisi hata leo siwezi kunusa moja bila kuikumbuka nyingine. Tulikula wote kwenye sinia moja juu ya benchi la kazi, nje chini ya upenu. Baada ya miezi miwili Papa alinitoa kwenye makopo akaniweka kwenye kupima, kwa sababu, alisema, mimi ni mbishi na sina haraka. "Mutu wa haraka hawezi kupima janti," alisema. Janti ndiyo ringi kwa Kiswahili chao. Nyumbani ubishi ulikuwa umenipatia fimbo, pale ukanipatia cheo.

Papa alikuwa na kijiti cha mti mgumu chenye alama za kisu, kila alama na aina yake ya gari. Ringi ya tundu sita haina shida, kila tundu lina mwenzake ng'ambo, unaweka kijiti katikati ya hili hadi katikati ya lile, unasoma. Tundu tano ndizo zilizowaaibisha watu, kwa sababu ukivuka ng'ambo hukuti tundu, unakuta chuma kitupu. Niliona madereva wazima wakipima tundu tano kama wanavyopima sita, wakikadiria pale kwenye chuma, wakafunga safari kwenda kununua ringi Kasulu, wakarudi nazo na kuzikalia kivulini kama viti. Tundu tano Papa alizipima jirani kwa jirani. Lakini kwake hesabu ya tundu na umbali wake ilikuwa ni salamu tu, mazungumzo yalikuwa bado. Alitaka kuona kama tundu kubwa la katikati ya ringi linaikumbatia habu, ile pua ya chuma inayochomoza kwenye gari, au linacheza. Kisha alitaka kujua nati inakaa wapi. Nati nyingine ina shingo nyembamba inayoingia kwenye tundu kama kizibo cha chupa, nyingine chini ni bapa na hukaa juu ya ringi kama sahani. Ukiweka ya shingo kwenye ringi ya bapa, itakaza, na utaapa kwamba imekaza. Hapo Papa alichukua masizi ya sufuria, akayachanganya na grisi, akaipaka nati, akaikaza, akaifungua tena. Nati iliyokaa inaacha pete pana ya weusi kwenye ringi. Isiyokaa inaacha mstari mwembamba. "Pete, ndiyo," alisema. "Uzi, hapana." Ringi iliyopita aliichorea duara la chaki kwenye tairi lake, iliyokataliwa akaipiga mkasi, kama ule wa mwalimu kwenye daftari la mjinga. Stendi nzima ilizijua alama hizo. Kuna matajiri hawakutoa ufunguo wa gari mpaka wazunguke wahesabu maduara manne.

Mmoja wao alikuwa Bwana Seif, mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga, duka lake la vitambaa na sabuni likitazamana na msikiti. Alikuwa na pikapu kuukuu iliyokwenda Mabamba kila siku ya soko, na dereva wake ndiye Nestori. Niseme tu: nilimpenda. Alikuwa mrefu, mcheshi, anapiga mluzi akirudi nyuma na gari, na kila Ijumaa mchana alikuja kula nami kwa Mama Sabina, mgahawa uliokuwa mbele ya chumba nilichopanga. Tulikula ugali wa muhogo na mgebuka, naye kila mara aliniachia kichwa cha samaki akidai yeye hakipendi. Baadaye nilimwona akitafuna kichwa cha samaki na wenzake stendi, mpaka mifupa. Hakuwahi kunitamkia lolote na mimi sikumwuliza. Nilidhani tuna muda.

Kiangazi kikali cha mwaka ule, Papa alikwenda Kasulu kutafuta beringi, akaniachia ufunguo na chaki. Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Nestori akafika na ringi nne za alumini, tairi zake zimevikwa tayari, zinang'aa hata mama wauza ndizi walisogea kuzitazama. Bwana Seif alikuwa amezipata kwa mtu aliyeuza gari lililoanguka, gari la aina nyingine kabisa, maana zile za chuma za pikapu yake zilikuwa zimeanza kupasuka. Nestori alikuwa amejaa furaha. "Mwakeye, Adela," akanisalimu kwa Kiha cha kwetu, jambo alilofanya akitaka kitu. "Nichoree maduara yangu niondoke. Kesho soko la Mabamba."

Nikahesabu tundu, sita. Nikaweka kijiti, umbali ulikuwa sawasawa. Tukaivua ringi moja ya mbele tukapachika mpya, ikaingia bila kusukumwa, na hapo hapo sikuipenda, kwa sababu ringi inayoingia hivyo haijakumbatia kitu. Tundu la katikati lilikuwa pana, habu ikaonekana pembeni, kidole changu cha mwisho kikapita. Maana yake uzito wote wa gari ungening'inia kwenye nati peke yake. Nikapaka masizi, nikakaza, nikafungua. Uzi. Nikarudia kwa nati nyingine. Uzi. Ringi zile zilitaka nati zake za bapa, ndefu, na mwenye kuziuza hakutoa nati. Kwenye makopo yangu hazikuwamo, nilijua bila kutazama.

"Hazikai," nikasema.

"Inazunguka." Aliisukuma kwa mkono, ikazunguka vizuri, inameta. "Si unaona?"

"Hewani hata sinia litazunguka."

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akachuchumaa karibu yangu. "Nisikilize. Tajiri amesema gari lisipofika Mabamba kesho, ufunguo anampa yule mpwa wake aliyetoka Tanga. Kijana amekaa dukani wiki nzima ananisubiri nikosee. Utanifukuzisha kazi kwa ajili ya masizi?"

"Rudishia zile za chuma uende nazo polepole. Jumatatu Papa anarudi."

"Mbili zimepasuka, Adela."

"Basi usiende."

Nikachukua chaki nikapiga mikasi minne, mmoja kila tairi. Nakumbuka niliipiga kwa nguvu hata chaki ikakatika, kwa sababu nilikuwa nataka kulia na sikutaka aone. Kisha nikafunga chumba nikaenda kula. Siku hiyo nilikaa peke yangu kwa Mama Sabina, na mbele yangu nimewekewa mgebuka mzima na kichwa chake. Nilimsubiri mpaka watu wakatoka msikitini. Niliporudi gereji, kiwanja kilikuwa kitupu. Ringi za chuma zilikuwa zimelazwa ukutani. Juu ya benchi kulikuwa na kitambaa kibichi chenye uweupe wa chaki, na karibu yake kile kipande kilichokatika, ambacho nilikuwa nimekiacha chini.

Hapa ndipo penye sehemu yangu, na sijawahi kuificha moyoni. Nilikwenda stendi mbio. Wakaniambia Bwana Seif ametoka msikitini, amelizunguka gari, amehesabu maduara, ametoa ufunguo, na gari limeondoka na abiria wanne nyuma. Ningeweza kwenda kwa Bwana Seif. Ningeweza kwenda polisi, wana pikipiki, wangemfikia kabla ya miteremko. Lakini kusema ni kumfukuzisha kazi kwa mdomo wangu. Nikajiambia labda zitashika. Nikarudi nikakaa chini nikaanza kupanga nati zilizokuwa zimepangwa tayari. Jioni lori la mihogo likaleta habari: tairi la mbele la kushoto limechomoka kwenye mteremko wa Mabamba, pikapu imelala mtaroni, mama mmoja wa sokoni amevunjika mkono, na dereva mguu.

Jumatatu gari lilivutwa hadi kwetu, na Papa naye akawa amefika. Bwana Seif alikuja na kanzu yake nyeupe akasimama mbali na grisi. Matairi matatu yaliyobaki yalikuwa bado na maduara, yamefifia kwa vumbi lakini yanaonekana. Akanionyesha kwa fimbo yake. "Binti, maduara haya ni yako?" Papa alikuwa amesimama kando, anafuta mikono. Nestori alikuwa hospitali, mguu umefungwa vyuma, na maneno ya stendi yalikuwa kwamba kama dereva alijua, atafungwa. Nikasema, "Chaki ni yangu." Bwana Seif akatingisha kichwa, akaona inatosha, na Kibondo nzima ikaona inatosha.

Nilikwenda hospitali mara tatu na chupa ya uji. Mara ya kwanza alikuwa amelala. Mara ya pili alikunywa, akasema uji mtamu, akageukia ukutani. Mara ya tatu dada yake alikuwa ameketi kitandani, akanipokea chupa mlangoni na kuniambia, "Umeshafanya ya kutosha." Nilimtazama Nestori juu ya bega la dada yake. Alikuwa macho, alisikia, akafumba macho. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikisema moyoni kwamba kesho atasema, akipata nafuu atasema. Akaruhusiwa, akarudi kwao Mabamba kwa magongo bila kupita gereji.

Ukuta wa chumba changu haukufika kwenye bati. Asubuhi na mapema, wateja wa kwanza wa Mama Sabina wakingoja maandazi, nilisikia kila neno kitandani kwangu. "Ndiye huyo huyo, anakaa hapa nyuma." "Mwanamke umpe ringi apime, unategemea nini?" "Wanasema alikuwa anamtaka kijana wa watu, akamkataa." Mama Sabina aliwaambia wanywe chai waende, lakini hata yeye akaacha kuniuliza habari za kazi. Gereji nako Papa alinipokonya chaki bila kelele. Akanipa karai la mafuta ya taa na beringi za kuosha. Kwa miezi mitano niliosha beringi mpaka vidole vikababuka, na kila dereva aliyeingia alimwuliza Papa, mimi nikiwa pale pale, kama amepima mwenyewe. Tairi moja kati ya yale matatu Papa alilitundika ukutani kwenye msumari, mbele ya benchi tulipokuwa tukila, duara la chaki likiwa bado juu yake. Nilidhani ni adhabu yangu. Nilikula sombe miezi mitano nikitazama lile duara.

Mvua zikiwa zimekolea, siku moja tumemaliza kula, Papa akasogeza sinia, akatoa chaki mfukoni, akaniwekea mbele.

"Chora," akasema. "Hapa, kwa meza."

Nikachora duara. Naanzia chini, napandia kushoto, nazunguka, na nikifika mwisho mkono wangu unapitiliza kidogo, unaacha kamkia. Sikuwahi kujua hivyo mpaka siku ile. Papa akaweka kidole kwenye kamkia, kisha akanyoosha kidole ukutani. Duara la ukutani lilianzia juu, mtu alipokandamiza chaki, likashukia kulia, likafunga bila mkia wowote.

"Hii haiko ya mukono yako," akasema. "Nilijua siku ile ile, mbele ya yule muzee wa kanzu."

Nilisikia hasira ikinipanda hata masikio yakawaka. "Ulijua, ukanioshesha beringi miezi mitano?"

"Nilikuwa nangojea weye useme. Kama nasema mimi, unabaki mutoto wa Papa. Kama unasema weye, unakuwa fundi."

"Na mimi nilikuwa nangoja yeye aseme."

Papa akafikiri. "Basi tuko wajinga wawili," akasema, "na mwenye akili ameenda Mabamba." Akacheka kicheko chake kikubwa. Mimi sikucheka, nililia, nililia vibaya, kichwa juu ya benchi kwenye makombo ya ugali, na yeye akangoja mpaka nilipomaliza. Kisha akaondoa lile tairi msumarini akafuta duara kwa kiganja. Mchana ule ule akanipeleka mbele ya lori lililokuwa kiwanjani, akamwambia dereva wake kwa sauti ya kusikika stendi: "Huyu ndiye anapima. Kama hutaki, barabara ile pale." Wengi hawakutaka. Bwana Seif alihamishia gari lake gereji nyingine na hakurudi. Papa hakuwahi kumweleza, wala mimi. Alipokuja kufa, miaka mingi baadaye, mimi nikiwa nimeshafungua duka hapa Kasulu, mkewe aliniletea kile kijiti kimefungwa kwenye kitambaa, bila salamu yoyote, na ndicho ninachopimia mpaka leo.

Nilipomaliza chai nikachukua kijiti nikatoka nje. Kijana alikuwa ameshaipiga jeki pikapu yake. Nikapima umbali, simu ilikuwa imesema kweli. Nikapachika ringi moja, ikakumbatia habu hata ikabidi niigonge kwa kiganja. Nikapaka masizi kwenye nati, nikakaza, nikafungua. Pete pana. Nikafanya zote nne, nati zote, bila haraka, na Nestori amekaa kwenye tairi kuukuu akinifuatisha kwa macho. Zilikaa. Nilifurahi kwamba zimekaa, kwa sababu zisingekaa ningesema vile vile, na hapo tungefika mahali ambapo sikutaka kufika na mtu mwenye mvi.

Nikafuta mikono, nikatoa chaki. Halafu sijui nini kikanishika, nikamgeuzia Nestori. "Chora wewe."

"Mimi si mpimaji," akasema.

"Hata siku ile hukuwa."

Kijana akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Nestori aliipokea chaki. Akachuchumaa, mguu mmoja ameunyoosha mbele kwa maana haukunji, akaanzia juu ya tairi akikandamiza, akashukia kulia, akafika chini, akasimama hapo. Chaki ilibaki imegusa mpira. Kwa miaka ishirini na minane nilifikiri nikimwona katika hali hiyo nitafurahi. Sikufurahi. Nilimhurumia, na nilikasirika kwamba ninamhurumia.

"Baba?" kijana akasema.

"Adela alipiga mikasi," Nestori akasema, macho kwenye tairi. "Zote nne. Nilifuta mimi kwa kitambaa. Nikachora mimi."

Kijana akamgeukia. "Umenisimulia tangu niko darasa la pili," akasema.

"Najua."

"Na mama yangu umemsimulia."

"Najua, mwanangu."

Nilichukua chaki mkononi mwake. Nikaanzia pale chini alipoachia, nikapandia kushoto mpaka juu, nikafunga, mkono ukapitiliza kidogo kama kawaida yake. Matatu yaliyobaki nikachora mwenyewe. Kisha nikamwambia kijana kile alichokuwa akikisema Papa kwa kila gari lililofungwa ringi ngeni, na ambacho Ijumaa ile hapakuwa na mtu wa kumwambia Nestori: akifika Kibondo asimame, aache ringi zipoe, akaze nati tena kabla hajashika njia ya Mabamba.

"Sawa, mama," akasema, akamshika baba yake kwapani kumwinua.